Shajara ya ukuta wa udongo, Katuba

Mwisho wa Aprili

Ukuta tumeupata. Ni uzio wa shule moja ya msingi hapa Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo: urefu mita 22, kimo mita 2 na nusu, matofali ya kuchoma yaliyopigwa plasta ya simenti zamani, na plasta yenyewe imeanza kubanduka. Unatazama barabara ya vumbi wanayopita akina mama wa mboga asubuhi, mabeseni ya lengalenga na matembele kichwani. Mkuu wa shule amekubali kwa sharti moja, kusiwe na sura wala jina la mwanasiasa. Asingelisema, tungelisema sisi.

Naandika shajara hii kwa sababu kikundi chetu ni cha wabishi. Mwezi ukipita, kila mtu anakumbuka lile alilotaka yeye.

Wazo lenyewe ni fupi: kuchora ardhi ya kulima kwa ardhi yenyewe. Udongo wa hapa, gundi ya muhogo, chokaa, vumbi la makala, yaani mkaa. Rangi ya kopo hapana. Lubumbashi ilianza 1910 kwa ajili ya shaba, na hadi leo ukikuta kitu kimechorwa hadharani, mara nyingi ni shaba inayosifiwa: bomba la moshi la kiwanda, mlima mweusi wa masalio ya tanuru, ule msalaba wa shaba ambao wahenga waliutumia kama fedha. Sina ugomvi na shaba, karo yangu ya shule ilitoka huko. Lakini bukari, ugali wetu wa kila siku, haitoki mgodini, na sijawahi kuona sanamu ya muhogo.

Mei: rangi

Nyekundu ni rahisi, unaikanyaga. Udongo wa huku umeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno hata chakula cha mimea kikashuka na maji, vikabaki chuma na alumini. Chuma kile kikashika kutu, ndio wekundu wenyewe. Wageni wakishuka uwanja wa ndege wa Luano wanausifu: udongo mzuri namna hii lazima uwe na rutuba. Anayelima pembezoni mwa mji anajua kwamba ni kinyume. Bila mbolea wekundu ule unakupa misimu michache, kisha unagoma. Ndiyo maana wazee walikuwa wakikata matawi, wakayarundika na kuyachoma, wakapanda nafaka kwenye majivu, halafu wakahama ili msitu ujirudishie nguvu.

Kuna nyekundu nyingine ambayo kila mtu wa Katanga, eneo letu hili, ataitaja: mukula. Ukiutia panga mti huo unatoa utomvu mwekundu, na kiini chake kikisagwa kinatoa ule unga waliojipaka mababu kwenye sherehe. Kijana mmoja wa kikundi alikuwa tayari kwenda kuomba vumbi lake kwa maseremala. Nilikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza, mukula umekatwa ovyo kwa malori na malori kuelekea China, hadi mwaka 2019 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Sitaki ukuta wa shule uongeze mteja, hata mteja wa vumbi. Ya pili ni ya fundi: wekundu wa mmea unapauka juani, kutu ya chuma haipauki. Hapo ubishi ukaisha, ingawa naamini ni sababu ya pili iliyowashawishi.

Nyeupe tumeinunua soko la Kenya, mtaa mwingine wa hapa Lubumbashi. Pemba, udongo mweupe laini, inauzwa kwa madonge, na wateja wake wengi ni wajawazito wanaoitafuna. Mama muuzaji alipoona tunafunga gunia zima alituangalia mmoja mmoja, wanaume watatu, akauliza: "Muko na babibi ngapi benye mimba?"

Nyeusi ni vumbi la makala, lile linalobaki chini ya gunia na kutupwa. Kaboni haiogopi jua, na jikoni hakuna aliyelihitaji. Makala yenyewe najua yanakotoka: misitu ya miombo inayorudi nyuma kila mwaka pande zote za mji. Hata hivyo miombo si msitu wa kufa kirahisi. Kisiki kikiachwa kinachipua, na mizizi inatoa miche mipya, ilimradi moto wa mwisho wa kiangazi usipite kila mwaka na mtu asing'oe kisiki ili alime.

Kahawia tumeipata kwa wafyatua matofali, kwenye kichuguu kilichokatwa nusu. Vichuguu vikubwa vya huku ni kazi ya mchwa wanaoitwa na wataalamu Macrotermes falciger. Vinafika mita 5 kwa kimo na upana wa chini wa mita 15 hivi. Mchwa wanapandisha udongo wa mfinyanzi mwembamba kutoka chini na kuujengea, na baada ya miaka mingi kilima kile kinakuwa na chokaa nyingi kuliko ardhi inayokizunguka. Wakulima wanakimwaga shambani, wafyatua matofali wanakichoma. Ukikanda donge lake kwa maji linanyooka bila kukatika. Nimeligeuza kidoleni likazunguka kuwa pete.

Njano inakaa chini, huioni mpaka mtu achimbe. Tata mmoja, yaani mzee, anayechimba visima mtaani, alituwekea ndoo kwa kila rangi aliyokutana nayo, na kwenye kila mpini akafunga kitambaa alichoandika kina kwa makala: nusu mita, mita 1, mita 1 na nusu, mita 2, mita 2 na nusu. Nilizipanga kwa mstari uani. Ya kwanza nyeusi, na Tata akanionya kwamba hiyo nyeusi alilazimika kuikwangua, maana unene wake ulikuwa shubiri moja tu. Halafu nyekundu, ndoo baada ya ndoo. Halafu changarawe ya chuma, punje ngumu zinazolia ukizitikisa. Halafu njano yenye mabaka, na mwisho kitu cheupe kijivu kinachoteleza mkononi.

Shubiri moja. Kila kinacholiwa katika nyumba hizi kinategemea unene huo.

Mei hiyo hiyo: kijani

Mchoro wa kwanza, wa kwenye karatasi, ulikuwa na mahindi na muhogo vimesimama juu, udongo na mizizi chini. Yaani kijani kwenye theluthi ya juu. Tukaanza kutafuta kijani, na hapo mradi ukakwama.

Majani yaliyopondwa yanatoa rangi nzuri sana, lakini jua la hapa linaila upesi. Kinachobaki ni rangi ya chai. Udongo wa kijani unaofaa kwa kupaka hatuna. Tulicho nacho, tena kwa wingi, ni malakiti, jiwe la kijani. Mawe yake yanauzwa mjini yakiwa yamechongwa vinyago na shanga, na vumbi la wachongaji ni kijani ambacho mchoraji yeyote angekililia. Kijana mwingine alikuja na mfuko wa udongo wa Penga Penga, upande ambao upepo ulikuwa ukipeleka moshi wa kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Miti ilikufa huko, udongo ukabaki uchi.

Malakiti ni shaba. Udongo wa Penga Penga una shaba na vitu vibaya zaidi ya shaba. Utafiti uliofanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji, uliochapishwa 2009, ulikuta kobalti nyingi mno kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na watoto wakiwa na viwango vya juu kuliko wakubwa. Mtoto anagusa ukuta, anatia kidole mdomoni. Ukuta wetu ni wa shule. Mfuko ulirudishwa ulikotoka, na vumbi la malakiti halikuingia uani.

Siku hizo tulizungumza sana juu ya Mel Chin. Mwaka 1991 msanii huyo wa Marekani alishirikiana na mwanasayansi Rufus Chaney, akazungushia uzio kipande cha jalala la Pig's Eye mjini St. Paul, Minnesota, na kupanda mimea inayonyonya metali ardhini. Kazi hiyo aliiita Revival Field, na kwake sanaa ilikuwa ule usafi unaotokea mahali macho hayafiki. Vijana walitaka tufanye vivyo hivyo hapa. Tuna hata mimea yetu: lile ua la shaba, Haumaniastrum katangense, linalopenda udongo wenye shaba kiasi kwamba watafuta madini walilitumia kuonyeshwa njia. Ila kuvumilia shaba na kuitoa ardhini ni mambo mawili. Watafiti waliojaribu Penga Penga walichanganya udongo na chokaa na mboji, wakapanda nyasi za kienyeji zinazostahimili, na lengo lao lilikuwa kufunika vumbi na kuizuia shaba ilipo. Hiyo ni kazi ya wenye maabara, ya miaka. Nasi tuna ukuta.

Aliyetuondoa kwenye matope ni Yaya. Huku ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, na ndiye mkubwa wetu, amekulia kijijini upande wa Kasenga, na huwa anatuacha tubishane mpaka tuchoke. Alisema: "Kama kijani hakuna, ondoeni majani. Pandisheni ardhi mpaka juu ya ukuta."

Tulinyamaza, kisha tukaelewa. Ukuta una mita 2 na nusu. Kisima cha Tata, mpaka pale alipotuwekea ndoo ya mwisho, kina mita 2 na nusu. Basi tuchore kisima kwa kipimo chake halisi, sentimita kwa sentimita: shubiri ya nyeusi chini tu ya kofia ya ukuta, nyekundu mita nzima na zaidi, changarawe, njano, nyeupe miguuni. Mpita njia awe anatembea chini ya shamba. Na majani? Upande wa ndani wa uzio kuna ukanda mtupu wa shule. Tutapanda muhogo huko. Muhogo ukistawi unapita mita 2, na tukiunyanyulia tuta, majani yatatokeza juu ya ukuta pale pale ardhi iliyochorwa inapoishia. Kijani kitakuja chenyewe, na mizizi yake itatupa gundi ya mwaka unaofuata.

Juni: jikoni

Udongo unalowekwa usiku kucha. Asubuhi unakorogwa, unahesabu pole pole mpaka mchanga utulie, kisha maji ya juu yenye rangi yanamiminwa ndoo nyingine kupitia kipande cha chandarua. Mchanga unashuka mara moja, vumbi laini linachukua saa kadhaa, mfinyanzi wenyewe unaweza kuelea siku nzima. Ndio tunaoutaka, lakini si peke yake. Mfinyanzi mtupu ukikauka unasinyaa na kupasuka nyufa, kwa hiyo mchanga laini unarudishwa kidogo kidogo hadi nyufa zikome.

Gundi ni muhogo. Unga unakorogwa kwa maji baridi, unamiminwa kwenye maji yanayochemka, na ghafla weupe unageuka kuwa uwazi na mwiko unakuwa mzito. Jirani alichungulia juu ya ukuta: "Yaya, muko napikia ukuta bukari?" Tulicheka, lakini swali lilikuwa zito. Kila unga wa mahindi wa Zambia unapokwama mpakani Kasumbalesa, bei hapa inaruka, na kumwaga chakula ukutani mbele ya watu wenye njaa ni utovu wa adabu, uwe ni sanaa au si sanaa. Tangu siku hiyo tunatumia unga unaofagiliwa chini kwenye mashine ya kusagia. Una mchanga ndani yake. Kwetu mchanga si hasara.

Kitu kilichonifurahisha mimi binafsi ni kukaanga udongo. Njano ni chuma kilichofungamana na maji. Ukiipa moto wa kutosha maji yanatoka, inageuka nyekundu. Tulitandaza unga wa njano kwenye bati juu ya mbabula, jiko la makala. Kwanza haukufanya lolote. Halafu kwenye kingo, pale bati lilipokuwa limeungua zaidi, ukatokea mstari wa rangi ya chungwa, mstari ukaingia ndani taratibu, na nilipoburuta kijiko katikati kilifungua mfereji mwekundu pyu ndani ya njano. Ukiondoa bati mapema unabaki na rangi za katikati ambazo hakuna kisima kitakachokupa. Watoto wa shule waliomba kuiona tena na tena, na makala ya wiki yakaisha siku hiyo.

Majaribio tuliyafanya nyuma ya choo cha shule, mraba kwa mraba, kisha tukamwagia kwa ndoo ya kumwagilia bustani. Udongo na maji tu: ulishuka wote. Udongo na gundi: ulivumilia, lakini gundi inachacha haraka, na mende wanaipenda. Tulitia chumvi kwenye mraba mmoja ili gundi isiharibike, na mbuzi wa jirani wakaulamba mpaka tofali likaonekana, kisha wakahamia mraba wa pili kwa matumaini. Udongo na mafuta ya mawese: unang'aa vizuri, lakini mafuta hayo hayakauki, yanaganda tu, na vumbi la barabara lingenasa juu yake milele. Udongo, gundi na chokaa kidogo: huo ndio ulioshinda. Chokaa inanyonya hewa na kurudia ujiwe wake, inakataza uchachu, na mbuzi hawana habari nayo. Ubaya wake ni kwamba rangi ikikauka inapauka, kwa hiyo unapaka kitu cheusi zaidi ya unachokitaka na kumwamini fundi aliyekuchanganyia.

Julai: plasta, na mfadhili

Plasta iliyolegea imebanduliwa. Iliyobaki tumeichokora kwa nyundo ili udongo upate mahali pa kushika, kisha tukapiga tabaka la mfinyanzi, mchanga na majani makavu ya matete yaliyokatwa vipande. Tata mwashi ametuongezea kofia ya vigae juu ya ukuta, inayojitokeza upana wa kiganja. Miguuni tumemwaga kokoto, maana kinachoua ukuta wa udongo si mvua inayoteremka, ni matone yanayogonga chini na kuruka juu na matope.

Mfadhili mmoja alikuja. Jina lake silitaji. Alipenda mchoro, akaahidi fedha za kutosha, kwa sharti kwamba juu ya udongo tupake vanishi ya plastiki ili kazi idumu, na kibao cha shukrani kikae pembeni. Kibao tulikubali. Vanishi tulikataa, na si kwa ukaidi. Ukuta huu unanyonya unyevu kutoka chini, hauna karatasi ya kuzuia maji kwenye msingi. Unyevu ule unatoka kupitia uso wa ukuta. Ukiuziba kwa plastiki unatafuta njia, unatunga malengelenge, na msimu mmoja baadaye uso mzima unabanduka kwa maganda, ukichukua plasta pamoja nao. Udongo ulio wazi unachakaa pole pole, na unaochakaa unapakwa tena.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba tunazungumza lugha mbili. Yeye alikuwa ananunua kitu. Sisi tulikuwa tunaomba malipo ya mikono: mtu wa kuchuja udongo, wa kupika gundi, wa kupaka, kila kiangazi baada ya mavuno. Vijijini kwa akina Yaya ndivyo ilivyo. Mvua zikiisha na kazi za shamba zikipungua, wanawake wanapaka upya kuta za nyumba kwa nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi, na hakuna anayeomboleza mchoro wa mwaka jana. Bajeti tuliyompa ilikuwa na mstari wa mwaka wa pili na wa tatu. Alisema utaratibu wake hauruhusu. Alitupa fedha za kofia ya vigae, nasi tunamshukuru kwa vigae.

Agosti: kuchora

Kiangazi kikavu, asubuhi baridi, upepo wa vumbi mchana. Kazi inaanza mapema kabla rangi haijaanza kukaukia kwenye brashi. Brashi zenyewe tuliziacha siku ya pili. Nyuzi zake zinakwaruza tabaka la chini, na mkono unafanya vizuri zaidi.

Mji huu una babu wa kazi hiyo. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa, enzi mji ukiitwa Élisabethville, karakana iliyokuja kujulikana kwa jina la Hangar. Akina Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walitokea hapo, na pia Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole, alama baada ya alama, mpaka majani na ndege wakajaa ubao wote bila nafasi ya kupumua. Niliwaeleza watoto wa darasa la tano habari za Bela, nikawapa safu ya changarawe. Kila punje ni alama ya kidole kimoja. Mita 22 za alama za vidole, na ukikaribia unaona mistari ya ngozi imebaki kwenye baadhi yake.

Mizizi ilizua ubishi mpya. Vijana walitaka mizizi ya muhogo ishuke mpaka chini kwa uzuri wa picha. Mama mmoja wa bustani za Kafubu, aliyekuwa amesimama tu kutazama, aliwakatalia: muhogo unanenepa karibu na juu, haushuki huko. Mahindi yakipata udongo laini yanaweza kushuka mita na zaidi, matembele hayafiki mbali. Akachukua kipande cha makala akawachorea kwenye mchanga pale wanapopaswa kuishia. Kwa hiyo nusu ya chini ya ukuta haina mizizi ya chakula hata mmoja. Kuna tu vijia vya mchwa, na mzizi mmoja mnene wa mti wa miombo unaopita kutoka juu hadi miguuni na kutoka nje ya picha.

Mwanzoni nililiona pengo lile kuwa dosari ya mchoro. Sasa naona ndipo watu wanaposimama. Wanauliza: huku chini mbona hamna kitu? Na mtu yeyote aliyewahi kulima anawajibu kabla yetu.

Wachache wameuliza msalaba wa shaba uko wapi. Mzee mmoja alisisitiza kabisa, akasema ukuta wa Lubumbashi bila shaba haujakamilika. Nilimwambia akichimba kisima chake akautoa msalaba, tutauchora kwa kina kile kile alichoukuta.

Novemba

Mvua zimeanza. Mihogo imepandwa kwenye tuta lililonyanyuliwa kwa safu mbili za matofali, nusu mita kutoka ukutani ili mizizi isisukume msingi. Vipandikizi ni safi, havina ugonjwa wa batobato. Udongo wa ukanda ule tuliupeleka kupimwa metali kabla, na majibu yaliruhusu kupanda chakula. Majani tumeyaombea ulinzi wa wazazi. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikishaonekana juu ya ukuta haitakaa bila wageni.

Februari

Hali ya ukuta, kwa wanaouliza. Theluthi ya juu iko salama chini ya kofia. Nyekundu imechirizika mistari miwili mitatu pale kigae kimoja kilipohama. Safu ya vidole imeshika kuliko zote, nadhani kwa sababu kila alama ni nene. Njano ya upande wa mwisho imeliwa sana, pale maji ya barabara yanapopiga kona, na mtaro hapo ni lazima uchimbwe kabla ya lolote. Nyeupe ya miguuni imekuwa ya rangi ya barabara. Muhogo umefika kifuani mwa mtu mzima, na ukipimwa kutoka juu ya tuta haujafika kofia bado. Machi labda.

Kamati ya wazazi inataka Juni tupake kisima kile kile. Mimi na Yaya tunataka kisima kingine, maana udongo wa Ruashi si wa Katuba, na wa kando ya mto Naviundu ni mweusi zaidi kwa mbali. Hatujaamua. Wakati huo huo, ukichimba kisima au choo upande wowote wa mji kati ya sasa na Mei, tuwekee ndoo ya kila rangi unayokutana nayo, na uandike kina kwenye mpini. Ndoo utarudishiwa. Upande wa kiwanda usihangaike.